Masika ya Badru na Kigari Chake

Watu wa Visiga wana ulimi, na kitu kipya hakikai mtaani kwao bila kupewa jina. Kigari cha umeme cha Badru walikiita Benzi. Kina matairi manne madogo, kiti kama cha saluni, usukani wa kushika kwa mikono miwili na betri inayochomoka, na kikikunjwa kinaingia nyuma ya bajaji bila ubishi. Raudha, binti yake Badru, alikuwa akimhudumia bibi mmoja Mzungu huko Dar, na bibi yule aliporudi kwao alikiacha. Tangu siku ile Badru akipita kwenda msikitini, vijana wa kijiweni husimama na kupiga saluti, na yeye huwajibu kwa kupiga honi, maana honi nayo imo, ingawa inalia kama kifaranga.

Kabla ya kigari Badru alikuwa na miguu, na miguu hiyo ilijulikana. Alikuwa mkwezi. Upande ule wa Kisarawe alikozaliwa, mwenye minazi akitaka kuangua alimtafuta Badru kwanza, na akimkosa ndipo aliporidhika na wengine. Ujira wake ulikuwa nazi, kama desturi ya wakwezi, na akishamaliza hufungua kamba miguuni, hukaa palepale chini na kunywa dafu lake polepole kama mwenye shamba. Alianguka siku ya jua kali, kutoka mnazi mfupi kuliko yote aliyopanda mwaka ule, na hilo lilimuuma karibu sawa na mgongo wenyewe. Mtu uvunjike uti wa mgongo, basi angalau mnazi uwe mrefu, watu wapate la kusimulia.

Raudha akamchukua akae kwake Visiga, huko Kibaha, karibu na barabara kuu na karibu na hospitali. Alifanya vizuri, na Badru hakuwahi kusema vinginevyo. Lakini hakuwahi pia kukubali kwamba yeye ni mtu wa Kibaha. Aliuza nazi mlangoni kwa Raudha, na mteja akizisifu alimwambia kwamba hajaonja nazi za Kisarawe. Maji ya Kibaha yalikuwa na ladha ya bomba, mihogo ya Kibaha ilikuwa na nyuzi, hata majogoo ya Kibaha yaliwika ovyo. Raudha alikuwa akicheka, kisha siku moja akaacha kucheka, alipogundua kwamba baba yake hatanii.

Kilichomvuta kilikuwa Maulida, dada yake mdogo. Mama yao aliwazaa wawili tu, na baba akafa mapema, kwa hiyo Badru alimlea Maulida kwa nazi za ukwezi mpaka akamwoza kwa mikono yake mwenyewe. Mume, Khalfani, alikuwa mtu mwema wa kilima cha pili kutoka kwao. Wakati wa miguu yake, Badru hakupitisha wiki bila kwenda kula kwa shemeji yake, na hakuwa na haja ya kualikwa. Sasa dada alikuwa sauti kwenye simu, na mtandao wa kule kilimani ulikuwa ukimkata katikati ya salamu.

Mwishoni mwa mvua za vuli Khalfani alifariki. Badru aliposikia hakungoja mtu. Alipanda kigari chake akatoka kwenda barabarani kutafuta usafiri, na mvua ikamkuta njiani. Kigari kikaingia maji kikazimika kando ya barabara, na mwenye kigari akalowa hapohapo alipokaa, hawezi kushuka wala kusukuma, magari yakimrushia matope. Walipomwona na kumrudisha nyumbani maziko yalikuwa yamekwisha. Kukaa na nguo mbichi kukamletea kidonda makalioni, mahali asipohisi kitu, na daktari akamwamuru alale kifudifudi. Kaskazi nzima Badru alikuwa ameangalia mkeka, na kigari kilikuwa kwa fundi Mlandizi.

Maulida alikuwa ndani, anakaa eda. Yeye asingeweza kutoka kwenda kwa kaka yake, na kaka asingeweza kuinuka kwenda kwake. Walipigiana simu, lakini kila Badru alipoanza kueleza kuhusu siku ya maziko, Maulida alimjibu kwa neno fupi: sawa, kaka. Badru alilichukua neno lile akalala nalo. Alilisikia kama mlango unaofungwa taratibu, na kadiri siku zilivyokwenda ndivyo alivyozidi kuamini kwamba dada yake amemtoa moyoni.

Sasa kidonda kilikuwa kimefunga, kigari kimerudi kutoka kwa fundi, eda ilikuwa inakaribia mwisho, na kwa watu wa ukoo wao ipo desturi. Mjane akishaogeshwa siku ya kutoka, nguo ya kwanza anayovaa huletwa na kaka yake. Iwe kanga mpya, haijavaliwa, haijaingia maji, bado ina ule ukakamavu wa dukani, na kaka aikabidhi kwa mkono wake kabla ya adhuhuri. Kaka asipotokea, wakwe ndio humvisha. Si dhambi wala si haramu, lakini kijiji kizima kitaelewa kwamba mwanamke huyo hana mtu kwao. Maulida hakuwa na mtu kwao ila Badru. Asipofika safari hii, angekuwa amemkosea dada yake mara mbili, na ya pili mbele ya watu.

Raudha alijitolea kuipeleka kanga mwenyewe. Badru akamwambia kwamba anamshukuru, ila binti wa kaka si kaka. Wakabishana jioni nzima juu ya mvua, maana masika yalikuwa yamechachamaa, na mwishowe wakakubaliana. Faraji, dereva wa bajaji wa palepale Visiga, angempeleka mpaka mlangoni na kumrudisha siku hiyohiyo, kigari kikiwa kimekunjwa nyuma kwa ajili ya kutembelea uwanjani. Raudha, aliyekuwa anaondoka alfajiri kwenda kazini Dar, alimkumbusha baba yake mara nyingi: asiendeshe kwenye mvua, asipite kwenye maji yanayofika kwenye mota, na zile swichi za kwenye usukani zisiguswe na tone. Alimkatia nailoni nene kutoka kwenye mfuko wa godoro jipya, maana mifuko ya zamani ilishapigwa marufuku, na akamwonyesha jinsi ya kuifunga.

"Baba, mvua ikianza, geuza," alimwambia. "Usiniletee kidonda kingine."

Badru akaitikia. Kanga alikuwa amekwenda kuichagua mwenyewe Mlandizi, nyekundu yenye ukingo mweusi, na aliificha kifuani ndani ya shati ikiwa imekunjwa vilevile ilivyotoka dukani.

Walitoka kukiwa kukavu. Walipoiacha lami na kuingia njia za Kisarawe, Badru alianza kuzungumza bila kuulizwa. Alimwonyesha Faraji mnazi huu na ule, huu ni wa fulani, ule una nyuki, na alipoona shamba limefyekwa kupisha nyumba ya bati la bluu aligeuza uso kisha akaendelea. Harufu ya udongo ule iliingia kwenye bajaji. Badru alihisi machozi na hakuyaficha, na Faraji, kijana mwenye adabu pamoja na mambo yake yote ya mjini, akajifanya yuko bize na barabara.

Chini ya kilima cha mwisho bajaji ikakataa. Usiku kulikuwa kumenyesha huko, na udongo mwekundu wa mteremko ule ukilowa unateleza kama sabuni. Faraji alijaribu, gurudumu la nyuma likazunguka mahali pamoja, na bajaji ikaanza kurudi upande upande kuelekea mtaroni.

"Mzee wangu, hapa nikilazimisha tunarudi kinyumenyume mpaka Kiluvya," Faraji alisema. "Tusubiri pakauke, au tugeuze."

Badru akatazama juu. Wingu lilikuwa limekaa kwenye kilima chote, zito, na jua la kukausha kitu halikuwepo hata kwa kuazima. Huko juu wanawake walikuwa wanachemsha maji ya kumwogeshea Maulida. Akamwambia Faraji amshushie kigari. Faraji alibisha kwa muda, akasema Raudha atamla nyama, kisha akakikunjua, akamwinua mzee akamkalisha, akaifunga nailoni kwenye usukani kama alivyoonyeshwa. Yeye mwenyewe asingeweza kuiacha bajaji, ilikuwa imekaa vibaya mdomoni mwa mtaro.

Pembeni mwa njia kulikuwa na ukanda wa majani, na kigari kilipanda vizuri kwa kushika majani yale. Badru alijisikia mwanamume. Kisha mvua ikaja. Haikuanza kwa manyunyu ya kumpa mtu nafasi ya kufikiri, ilimwagwa. Geuza, alisema Raudha kichwani mwake, na Badru akamjibu kwa sauti kwamba amechelewa kusema. Akaendelea kupanda, ameinama juu ya kifua chake ili kanga isilowe.

Tawi la mkorosho lililolalia njia ndilo lililoharibu mambo. Lilikamata ncha ya nailoni, Badru akasonga mbele kabla hajatambua, na nailoni ikachomoka ikaanguka kwenye majani. Alisimamisha kigari akaitazama. Mtu mwenye miguu angeshuka, angeinama, angeiokota, wala asingekumbuka jioni kwamba aliinama. Yeye alinyoosha mkono mpaka bega likalia, akajaribu kurudi nyuma, tairi likaanza kuzama, akaacha. Nailoni ilikuwa palepale, inapigwa na mvua. Kwa miaka yote ile aliyokaa Visiga, Badru hakuwahi kuililia miguu yake kama alivyoililia pale kwa ajili ya kipande cha mfuko wa godoro.

Maji yakaanza kuingia kwenye swichi. Kigari kikaenda, kikakata, kikaenda, kikakata, na taa yake ya kijani ikawa inafumba na kufumbua. Aliijua dalili hiyo tangu siku ya maziko. Kikizimika hapa, Faraji hamwoni na kilimani hawamwoni, adhuhuri itaadhiniwa na dada yake atavishwa na watu wengine. Shati lake lilikuwa limeshalowa, na hata kifuani ukavu uliobaki ulikuwa wa kuhesabu nyuzi. Kitu kimoja tu kikavu cha kutosha alichokuwa nacho kilikuwa kifuani.

Badru alikaa na jambo hilo kwa muda ambao mvua haikumpa. Akifika bila kanga kavu, amefika na nini? Na kanga ikibaki kavu huku yeye amekwama kwenye majani, imemfaa nani? Akaitoa. Ilikuwa na joto la mwili wake. Aliifuta swichi kwa kona moja, kwa uangalifu, akipuliza kwa mdomo kama mtu anayewasha jiko, kisha akaizungusha doti nzima kwenye usukani, tabaka juu ya tabaka, akaukaza mkono wake ndani ya nguo ile. Aliuona wekundu unakolea kwa maji akasema astaghafirullah, ingawa hakuwa amemkosea Mungu. Kigari kikakohoa, kikashika, kikapanda.

Kilimfikisha mpaka anaiona nyumba, bati lake na mpapai wake, kisha kikafa moja kwa moja. Badru akapiga honi, nayo ilikuwa imekufa. Basi akapaza sauti. Aliita hodi kutoka kwenye matope, hodi ya mtu wa mlangoni, na aliendelea kuiita mpaka Mwinyijuma akatokea na mwavuli.

Mwinyijuma ndiye kaka mkubwa wa marehemu Khalfani, na ndiye ambaye desturi ilimpa kazi ya kutoa nguo ya kumvisha Maulida ikiwa kwao hakutokea mtu. Kwa mashemeji wa kule utani haumwachi mtu hata msibani. Alikuja akichagua pa kukanyaga, akamtazama Badru kuanzia juu mpaka chini.

"Shikamoo, shemeji," Badru alisema.

"Marahaba. Kumbe kambale nao siku hizi wana magari."

Badru alitaka kucheka, ikatoka sauti nyingine. Aliuliza kama Maulida ameshavishwa. Mwinyijuma akaufunga mwavuli, akageuka, akachuchumaa na kumpa mgongo. Tangu aanguke Badru alikuwa hapendi kubebwa, alikuwa akimkatalia hata Raudha. Siku ile aliishika shingo ya Mwinyijuma, na mkono mmoja ulibaki na kanga aliyoichomoa usukanini.

Njiani Mwinyijuma alimweleza, akihema. Maulida alikuwa ameshaogeshwa tangu muda mrefu. Wanawake walimletea kanga aliyoiandaa yeye Mwinyijuma, akaisukuma kando kwa heshima, akasema kaka yake anakuja. Wakamwonyesha mvua. Akasema anaiona. Mashangazi walianza kunong'ona, wali ulikuwa unapoa kwenye masufuria, na yeye alikuwa amekaa mkekani na shuka lake jeupe la eda, nywele mbichi, anatazama mlango tu, na adhuhuri ilikuwa bado haijaadhiniwa.

Na kweli ndivyo Badru alivyomkuta. Alikuwa amekonda, na kidevu kimekuwa kile cha mama yao. Mwinyijuma akamtua kwenye kizingiti. Chumba kizima kilimtazama mtu aliyejaa matope mpaka kwenye nyusi, ameshika kitambaa kinachochuruzika maji mekundu, maana rangi ya kanga mpya haingoji kukaribishwa ndipo itoke.

"Imeingia maji, Maulida," alisema. "Nimeiharibu."

Maulida alinyoosha mikono yote miwili. "Nipe hiyohiyo."

Shangazi mmoja alijaribu kusema kwamba angalau ikamuliwe. Maulida hakumsikia, au alimsikia akampuuza. Alisimama, wanawake wakamzunguka na kumsitiri, na alipotokea alikuwa ameifunga kanga ile ikiwa mbichi, imemganda mwilini, maji yanadondoka mkekani na utepe wa rangi nyekundu unashuka mguuni. Mmoja akapiga kigelegele, na wengine wakamfuata, hata yule wa kukamua. Mwinyijuma alikuwa ameshaikunja kanga yake na kuirudisha mfukoni, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepunguziwa mzigo.

Badru alibadilishwa nguo, akapewa za marehemu, na Maulida mwenyewe akamkagua mgongo na makalio kama anavyokaguliwa mtoto mchanga, bila haya na bila kuomba ruhusa. Kigari kilivutwa mpaka barazani na betri ikawekwa ndani. Faraji alipigiwa simu, akajibu kwamba ameitoa bajaji mtaroni na anarudi Visiga kabla njia haijafungwa kabisa, atamfuata mzee mvua ikikatika.

Jioni wageni walipopungua, walikaa wawili barazani. Mvua ilikuwa inaendelea, sasa bila haraka. Badru akaanza tena maneno yake ya siku ya maziko, yale aliyokuwa akikatwa nayo kwenye simu, na safari hii Maulida alimwacha aseme mpaka mwisho: kigari, matope, magari yaliyopita, kidonda. Akamwambia pia kwamba alidhani amemchukia.

"Siku ile nilikuwa nimekaa humo ndani nasikiliza mvua," Maulida alisema. "Nikajua hutafika. Nikajua pia kwamba umetoka. Kila ulipotaka kunieleza nilikuwa nakukatiza, maana nikikusikia tu nalia, na mtandao wenyewe ule, utalia na nani?"

Badru akamwambia kwamba amemkumbuka mpaka anaumwa. Alilisema hivyohivyo, mtu mzima wa mvi, na halikumchoma mdomo. Akamwambia kuwa Raudha ni mwana mwema na kwake hakosi kitu, lakini kila asubuhi akifumbua macho huona dari la watu. Maulida aligeuka akautazama mlango. Alikuwa na nyumba nzima nyuma yake, watoto wake wameolewa mbali, na wakwe walikuwa wamekwisha kumwambia kwamba nyumba ni yake. Alisogeza tu kibatari cha dharura, umeme ulipokatika, wakakaa.

Kulipokucha kulikuwa na jua. Lilitoka kwa nguvu kama lililokuwa likidaiwa, majani yakafuka mvuke, na mpaka watu wanamaliza chai njia ya kilima ilikuwa imeanza kushika. Badru akajivuta mpaka kwenye kigari. Alikifuta, akairudisha betri, na alipobonyeza swichi alikuwa na matumaini ambayo mwenye chombo hapaswi kuwa nayo. Taa ya kijani ikawaka. Kikalia ule mlio wake mdogo, kizima kabisa. Badru alikaa akiitazama taa ile na moyo wake ukazama.

Simu ikaita. Alikuwa Raudha, sauti yake ina wasiwasi na mapenzi. Alisema jua limetoka, Faraji yuko tayari kuja, je, Benzi inawaka? Badru akafungua kinywa. Hakuwa mtu wa kusema uongo, na hata alipoutafuta hakuupata. Alibaki ameishika simu sikioni, anahema.

Maulida alitoka jikoni akiwa na ile kanga yake, imekauka na kukunjamana, nyekundu imekwenda upande mmoja. Alitazama taa, akamtazama kaka yake. Kisha akaichukua simu.

"Raudha, mwanangu, umeamkaje?" alisema. "Sikiliza. Kigari cha baba yako kimeingia maji. Tunasubiri kikauke."

Raudha aliuliza kitu. Maulida akainua macho kwenye anga, ambalo halikuwa na wingu hata la dawa.

"Sijui, mwanangu. Huku kwetu mvua haijakatika."

Akasikiliza tena kidogo, akaitikia, akasema kikikauka ataambiwa, akairudisha simu. Alikaa kwenye ukingo wa baraza, akaweka kiganja chake juu ya ile taa ya kijani, akamuuliza kaka yake mchana wapike nini.